Wananiita Injinia: je, nifiche kwamba nimetoka Dongobesh?

SWALI: "Shikamoo dada mshauri. Mimi ni binti wa miaka 24, nimezaliwa na kukulia Dongobesh, Mbulu. Nina miezi saba hapa Arusha, nipo mapokezi kwenye kampuni ya utalii. Wiki ya kwanza mwenzangu aliniagiza nikamletee zege moja. Zege ninalolijua mimi ni la kujengea, nikamuuliza ni la wapi na nitalibebaje. Ofisi nzima ilicheka, kumbe ni chipsi mayai. Tangu siku hiyo naitwa Injinia. Nikisalimia watu mmoja mmoja asubuhi wanauliza nani amefariki. Matamshi yangu wanayaigiza. Nikaamua nisiulize tena kitu. Mwezi uliopita voucha ya wageni iliandikwa ARK, sikujua maana yake, nikaogopa kuuliza, nikamtuma dereva KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kumbe wageni wameshuka kiwanja cha Kisongo, wakasubiri kwa muda wa karibu saa mbili. Bosi akasema mbele ya watu, 'Haya ndiyo matatizo ya kuajiri watu wa porini.' Sasa nikiulizwa kwetu nasema Karatu, maana Karatu inajulikana kwa watalii. Mama akipiga simu natoka hadi getini ili wasinisikie nikiongea Kiiraqw. Naomba kujua: ni kweli sisi wa vijijini na vimji vidogo tunachelewa kuelewa? Nibadilishe matamshi? Niendelee kusema Karatu? Au nirudi tu nyumbani?"

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali manne. La tano hukuliuliza, umelipitisha tu njiani: lile la kutoka hadi getini mama akipiga. Hilo ndilo lililonifanya nikae chini nikujibu, ila nitaliacha la mwisho.

Nianze na unaloliogopa zaidi. Hapana, watu wa vimji vidogo hawachelewi kuelewa. Kutojua kwamba zege ni chipsi mayai si upungufu wa akili. Hakuna shule inayofundisha hilo. Ni neno la watu wanaokula kibanda kimoja, na ukila nao wiki mbili unalijua. Tena hebu lirudie swali ulilouliza siku ile. Ulitaka kujua mzigo unachukuliwa wapi na unabebwaje. Mtu wa mapokezi kwenye kampuni ya utalii analipwa kwa kuuliza maswali ya namna hiyo hiyo.

Lakini sitakupamba. Tofauti zipo. Aliyesoma mahali ambapo kompyuta ilikuwa picha kitabuni anaingia ofisini nyuma ya aliyekulia Njiro, hapo Arusha mjini, na tableti mkononi. Kiingereza cha mgeni anayeongea haraka kwenye simu nacho kinataka mazoezi, na Dongobesh hukuwa na wa kufanya naye. Hilo ni pengo la vitu na nafasi, na huzibika kwa miezi. Neno "mshamba" hulichukua pengo hilo na kulipachika kichwani mwa mtu, kana kwamba alizaliwa nalo.

Neno lenyewe halina siri: mshamba ni mtu wa shamba. Lakini lugha yetu ilipikwa pwani, na pwani mtu wa mji aliitwa mwungwana, wa bara akaitwa mshenzi. Hata "ustaarabu" tunaousifu kila siku umetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya kuwa kama Mwarabu. Kwa kipimo hicho cha zamani Arusha nzima ni porini, bosi wako na gari lake wakiwemo. Na kipimo hakijafa. Mpeleke Kariakoo huyo aliyekubatiza Injinia, akae wiki moja. Akifungua tu mdomo na kusema "chalii", wataanza: huyu wa mikoani, huyu wa Chuga, yaani Arusha. Naye atatafuta pa kujificha.

Sisi wa huku Moshi ndio kichekesho zaidi. Desemba barabara inajaa magari ya watu wanaopanda Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, na nchi nzima inatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Mtu amejenga Dar, watoto wake wamezaliwa Dar, ukimuuliza kwao wapi anakutajia kihamba, shamba la ukoo huko mlimani. Mji wenyewe ni wa kuja. Moshi ya kwanza ilikuwa juu mlimani, hiyo tunayoiita leo Old Moshi. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 mji ukakulia huku chini, na jina likateremka nao. Arusha nayo ilikua kuzunguka boma la Wajerumani la mwaka 1900. Na kwa sensa ya 2022 karibu theluthi mbili ya Watanzania bado wanaishi vijijini. Hao "watu wa porini" ndio nchi yenyewe.

Nikutajie na jambo la huko huko Arusha. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilionya kwamba tusipoangalia, unyonyaji mkubwa nchini utakuwa wa wakaaji wa mijini kuwanyonya wakulima. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya Nguvu Kazi, watu wasio na kazi wakawa wanakamatwa mijini na kupelekwa vijijini, kijiji kikawa mahali mtu anapopelekwa akikosea. Nchi ileile, mkulima akisifiwa asubuhi na kutumiwa kama kitisho jioni. Wenzako hawakuibuni dharau hii. Wameirithi, na wengi wao wanaitumia kujikinga, kwa sababu anayecheka kwanza haulizwi kwao wapi. Sishangai kama aliyecheka zaidi siku ya zege ndiye aliyeshuka basi mwaka mmoja tu kabla yako.

Sasa tuje Kisongo.

Bosi wako amelieleza kosa lile kwa asili yako. Mimi nikilisoma naona mtu aliyeogopa kuuliza, na aliogopa kwa sababu mara ya mwisho alipouliza alipewa jina. Arusha ina viwanja viwili vya ndege. KIA kwenye voucha huandikwa JRO, uko karibu kilomita 50 upande wa Moshi. Kisongo ni ARK, upande wa pili wa mji, njia ya Makuyuni. Hata wageni waliozunguka dunia huvichanganya. Kumweka mtu kaunta bila kumwonyesha herufi hizo siku ya kwanza ni uzembe wa ofisi, na ofisi haikutokea Dongobesh.

Mwaka 1995 Claude Steele na Joshua Aronson waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mtihani mgumu wa lugha. Wanafunzi weusi walioambiwa kwamba mtihani unapima uwezo wao wa akili walifanya vibaya kuliko weusi wenzao walioambiwa ni zoezi tu la kuangalia watu wanavyotatua mafumbo. Karatasi ileile, wanafunzi wa chuo kilekile. Kilichobadilika ni hofu ya kuthibitisha kinachosemwa juu yao. Watafiti waliofuata wamebishana sana kuhusu ukubwa wa jambo hili, na wengine walipolirudia hawakuliona kwa nguvu ileile, kwa hiyo sikupi kama dawa ya kila ugonjwa. Lakini nimewasikiliza vijana wengi wakiwa kwenye kiti cha mbele yangu, na ninalolisikia linafanana nalo. Umewahi kubeba ndoo ya maji kichwani huku mtu anakufuata nyuma akisema "wewe huwa unamwaga, wewe huwa unamwaga"? Macho yanahama kutoka njiani yanakwenda kwenye ndoo, na hapo ndipo unapojikwaa.

Mimi ni Mpare wa Usangi. Nilipoteremka kuanza kazi Moshi, miaka ya mwanzo ya 2000, nilikwenda benki kufungua akaunti. Nikakuta viti vimepangwa, watu wamekaa, nikakaa. Saa tatu asubuhi. Waliokuja baada yangu wakawa wanaitwa, wanahudumiwa, wanaondoka. Nikajiambia pengine wana miadi. Sauti kwenye spika ikawa inataja namba, nami nasikia namba, lakini sikuunganisha. Mlangoni palikuwa na kimashine kinachotoa karatasi, nilikipita nikidhani ni cha wafanyakazi. Kufika saa sita nilikuwa nimeshaelewa kwamba kuna kitu sikijui, ila sasa nimekaa muda mrefu mno kuuliza. Kila dakika iliyopita iliifanya aibu ikue. Nikatoka kama mtu aliyepigiwa simu. Ningeuliza mlinzi, ingenichukua sekunde tano. Nilirudi baada ya wiki mbili, nikachukua karatasi yangu kama niliyezaliwa humo ndani.

Hicho ndicho kinachonisumbua katika neno hili kuliko tusi lenyewe: linaadhibu swali. Mtu anaacha kuuliza, anakosa kujua, anakosea, wao wanasema si tuliwaambia. Na uone jinsi makosa yanavyogawiwa. Mwenzako aliyekulia Sakina, hapo hapo mjini, akimtuma dereva kiwanja kisicho, watasema leo amechoka. Kosa lake ni la siku hiyo. Lako linakuwa la Mbulu nzima.

Dharau hii ina ndugu yake anayevaa vizuri, usimpokee bila kumkagua. Utasikia: watu wa kijijini wanyenyekevu, waaminifu, hawana tamaa. Mwaka 2002 Susan Fiske na wenzake walieleza kwamba tunawapima watu wa makundi mengine kwa mizani miwili, wema na uwezo, na mara nyingi tunayemwongezea huku tunampunguzia kule. Ndiyo maana mtu akitafuta dada wa kazi hapa Moshi husema bila haya, nataka wa kijijini ambaye hajaujua mji. Hajaujua mji maana yake hajui jirani analipwa kiasi gani. Basi ukiambiwa "huyu binti mpole, hana makuu", jua kwanza mshahara wako unalingana na wa mwenzako wa kaunta ileile au la.

Matamshi. Kiiraqw si Kibantu. Kiko katika ukoo wa Kikushi, jamaa wa mbali wa Kisomali na Kioromo, na kina sauti za kooni ambazo Kiswahili hakina. Mchaga au Mpare akijifunza Kiswahili anakuta ngeli zinazofanana na za nyumbani; nusu ya kazi amepewa bure. Wewe ulianza sifuri, na umeniandikia Kiswahili safi kuliko ripoti nyingi ninazozisoma. Kwa hiyo tenganisha mambo mawili. Kama mgeni au dereva hakusikii vizuri kwenye simu, fanya mazoezi ya maneno hayo hayo machache, majina ya hoteli, saa, namba za ndege. Hilo ni ufundi wa kazi. Kama wanakuelewa na wanacheka, hakuna cha kurekebisha kwenye ulimi wako. Watu huzoea sauti wanayoisikia kila siku, tena haraka kuliko wewe utakavyoweza kuibadilisha.

Kuhusu Karatu, simwiti mtu mwongo kwa hilo. Wairaqw wamejaa Karatu, na huenda hata una shangazi huko. Tena hudaiwi na mtu yeyote ramani ya kwenu. Mgeni wa Uholanzi ukimwambia unatoka karibu na Ziwa Eyasi anatosheka. Tatizo ni gharama ya kulilinda jambo ulilolisema. Siku atakapokuja dereva wa Karatu kweli, akakuuliza unakaa mtaa gani na ulisoma na nani, utatumia akili nyingi kumkwepa kuliko unayoitumia kwenye kazi. Nakushauri uishie "Mbulu". Ni kweli, ni fupi, na anayetaka zaidi aulize.

Kuhusu mzaha, watakuambia ni utani tu. Mimi nimeolewa kwa Wachaga, na Mpare na Mchaga ni watani, kwa hiyo hapo niko nyumbani. Wananiita bahili, ati napeleka kesi mahakamani kwa ajili ya kuku. Mimi nawauliza kama wameshaihesabu sadaka kabla haijafika kanisani. Utani una kwenda na kurudi, na mtani ndiye anayekuja kwenu siku ya msiba, anachekesha waliolia na kuosha vyombo. Basi ujaribu: wakiita Injinia, wajibu kwamba Injinia bado anadai fedha ya ramani. Wakicheka na kukupisha, una watani, na hilo jina huenda ukalipenda. Wakinuna, au wakizidisha, basi haukuwa utani tangu mwanzo, na usijilazimishe kucheka ili uonekane mwepesi. Mwambie mmoja wao, yule mwenye afadhali, mkiwa wawili: "Hilo la kuniigiza mbele ya wageni sitaki." Fupi hivyo. Kundi zima usilikabili kwa mpigo, maana kundi likikabiliwa hucheka ili kujificha.

Bosi ni habari nyingine, kwa sababu yeye ana kalamu. Nenda umwone siku ya utulivu, siyo ile ya wageni kugomba. Anza na kosa lako ulimalize: "Nilimtuma dereva kiwanja kisicho kwa sababu sikujua kifupisho na sikuuliza. Nimeandika orodha ya vifupisho vyote tunavyotumia, naomba uipitie niibandike kaunta." Orodha hiyo uwe nayo mkononi. Halafu ndipo useme: "Ila kauli ya watu wa porini iliniumiza, naomba nikikosea nisahihishwe kwa kosa." Wapo watakaojitetea, na wapo watakaokuheshimu kimyakimya na kuacha. Akiendelea, ujue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila au mahali alikotoka, na inahesabu kumnyanyasa kwa sababu hizo kuwa ubaguzi. Mimi si mwanasheria. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo, kisha ukaulize ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hapo Arusha. Usikae sana: muda wa kupeleka lalamiko la aina hiyo ni siku 60, na likiwa la kuachishwa kazi ni siku 30. Nikuambie na upande wa pili kwa uaminifu. Kwenye ofisi ya watu wachache, kupeleka lalamiko kunaweza kukufanya usikalike hata ukishinda, na wengi ninaowajua walichagua kutafuta kazi nyingine kwanza ndipo waseme. Hakuna aibu katika mpango huo.

Kurudi nyumbani? Ukirudi kwa sababu Dongobesh kuna kazi unayoitaka, au mama anakuhitaji, au umechoka na kelele za mji, rudi. Usirudi kwa kufukuzwa na chipsi mayai. Jipe hadi utimize mwaka, halafu uamue.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama hulali vizuri kwa zaidi ya wiki mbili, au asubuhi tumbo linakukaba ukikaribia ofisini, au chakula hakipiti, au unalia bila kujua kilichokuliza, nenda hospitali ya mkoa na uulize kitengo cha afya ya akili. Ukiwa upande huu wa Moshi, hospitali ya KCMC wanayo huduma hiyo. Na ikikujia fikra ya kujidhuru au kwamba heri usingekuwepo, usisubiri miadi. Nenda hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, mwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize.

Sasa geti. Kila unapotoka mbio na simu mkononi, mwili wako unajifunza kwamba lugha ya mama yako ni kitu cha hatari, na hatua za kwenda getini zinalikazia hilo somo. Usijilazimishe kesho kuongea Kiiraqw katikati ya ofisi. Hofu iliyopandishwa ngazi kwa ngazi hushushwa ngazi kwa ngazi. Wiki hii akipiga, ishia mlangoni. Wiki ijayo simama koridoni. Ukizoea hapo, mpokee ukiwa umekaa kwenye kiti chako wakati wa chakula cha mchana, dakika moja tu, habari za nyumbani na mvua, halafu umwambie utampigia jioni. Wenzako watageuka siku ya kwanza. Siku ya nne watakuwa wanaangalia simu zao.

Na umsalimie. Mwambie kuna Mpare huku Moshi anauliza kitunguu swaumu cha Mbulu msimu huu kinauzwaje.